Marilyn Wawili na Kiti cha Mtazamaji

Mwaka 2000 vilichapishwa vitabu viwili kuhusu Marilyn Monroe, na hakuna hata kimoja ambacho ningekipeleka mahakamani kama ushahidi. Cha kwanza ni riwaya nene ya Joyce Carol Oates, Blonde. Mwandishi hakumficha mtu: alichukua mwanamke aliyeishi kweli, akamfinyanga upya, na kazi yake akaiita riwaya. Cha pili ni cha Mwingereza Colin Clark, ambaye mwaka 1956 alikuwa kijana wa kutumwatumwa pale filamu ya Marilyn, The Prince and the Showgirl, ilipokuwa ikipigwa Uingereza. Clark alikuwa ameshatoa shajara ya kazi ile miaka mitano nyuma, na ndani yake mlikuwa na pengo la siku kadhaa. Kitabu cha pili kikaja kuliziba: kumbe siku zile alikuwa na Marilyn, wakitoroka pamoja, wakiogelea mtoni, akimbembeleza apate usingizi. Marilyn alikuwa kaburini tangu 1962. Laurence Olivier, aliyeongoza filamu ile na kucheza naye, alifariki 1989. Nani angebisha?

Vitabu vyote viwili vikawa filamu. My Week with Marilyn ilitoka 2011, Michelle Williams akiwa Marilyn na Kenneth Branagh akiwa Olivier. Watu waliipenda, waigizaji hao wawili wakateuliwa kuwania Oscar, na wachache mno walijisumbua kuuliza habari za lile pengo la shajara. Blonde ya mwongozaji Andrew Dominik ikatoka Netflix mwaka 2022, Ana de Armas akiwa Marilyn, na hapo ndipo moto ulipowaka. Kuna walioizima katikati na kuona fahari kutangaza kwamba wameizima. Kuna waliosema marehemu amedhalilishwa mara ya pili. Msimu uleule wa tuzo de Armas aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike, na filamu yenyewe ikabeba Razzie, ile tuzo ya dhihaka, kama filamu mbaya kuliko zote za mwaka.

Lalamiko lililosikika zaidi lilikuwa kwamba Blonde ni uongo. Na mengi ndani yake ni ya kubuni kweli. Lakini simulizi la Clark, lisilo na shahidi hata mmoja, lilimezwa kama uji. Kwa hiyo mtu akiniambia amekasirishwa na filamu ya maisha ya staa wa zamani kwa sababu "haikuwa hivyo", namsikiliza kwa adabu, kisha namtazama usoni. Mara nyingi hajui ilikuwaje. Kuna kitu kingine kimemchoma.

Nadhani kinachomchoma ni kiti. Filamu ya namna hii haimwonyeshi mtazamaji staa peke yake. Inampa mtazamaji mwenyewe nafasi ndani ya hadithi, kama mgeni wa harusi anayeoneshwa pa kukaa. Akikalishwa mbele karibu na bibi harusi, ataisifia harusi hata pilau ikiwa imeungua.

Tazama kiti cha My Week with Marilyn. Ni kiti cha Colin. Kuna tukio pale kwenye kasri la Windsor ambapo Marilyn na kijana wake wanashuka ngazi na kukuta wafanyakazi wa kasri wamejipanga chini wakimsubiri. Anasimama, anamwinamia Colin, na kumuuliza kwa sauti ya chini kama sasa "awe yeye". Halafu anakuwa yeye: kiuno kinakaa upande, bega linapanda, midomo inabinuka, na wale watu wa chini wanapata kile walichokijia. Sisi tumesimama upande wa Colin. Tumeonyeshwa swichi ilipo. Walio chini ya ngazi ni mashabiki. Sisi tumepandishwa cheo, tumekuwa wasiri. Ukitoka kwenye filamu hiyo unatoka ukiwa na hisia kwamba kama ungekuwepo, Marilyn angekuamini wewe. Nani atakataa zawadi kama hiyo?

Kiti cha Blonde kiko chini ya ngazi, pamoja na wale wengine. Dominik aliziiga picha maarufu za Marilyn moja baada ya nyingine, mwanga kwa mwanga, pozi kwa pozi, rangi zikigeuka kuwa nyeusi na nyeupe na fremu ikipanuka na kubana kufuata picha anayoiiga. Kisha anafika kwenye ile gauni nyeupe juu ya tundu la hewa la treni, barabara ya Lexington, New York, Septemba 1954. Usiku ule maelfu ya watu walikusanyika kutazama upepo ukipuliza gauni, na kelele zao zilikuwa nyingi kiasi kwamba studio ililazimika kulirudia tukio Hollywood. Katika Blonde umati huo una njaa. Baadaye, kwenye usiku wa uzinduzi, wanaume wanaopiga mayowe pembeni ya zulia wamepanuliwa midomo kwa kompyuta hadi imekuwa kama mapango. Kamera inatugeukia na kusema: huyu ni wewe. Umefungua filamu hii jioni yako ya Ijumaa kumtazama Marilyn akiwa uchi na akilia, tofauti yako na hawa ni ipi?

Watu walikuja kuomboleza, wakasomewa mashtaka. Hasira yao naielewa, na mimi mwenyewe nilikuwa nayo. Niliitazama Blonde kwa awamu tatu kama mtu anayemeza dawa ya minyoo. Ila tukubaliane kwamba swali la Dominik si la kipuuzi. Kosa lake ni kwamba mwanamke anayemtetea amemnyima kila kitu isipokuwa machozi. Hakuna mle yule Marilyn aliyeondoka Hollywood mwishoni mwa 1954, akaenda New York, akafungua kampuni yake ya filamu pamoja na mpiga picha Milton Greene, na kukaa kimya hadi studio ya Fox iliporudi kwake mwaka uliofuata na mkataba mpya unaompa sauti ya kukubali au kukataa mwongozaji. Kwa mwigizaji wa enzi zile, mwanamke tena, hilo halikuwa jambo dogo.

Na hapa ndipo mambo yanaponoga. Kampuni ileile ndiyo iliyonunua haki za tamthilia iliyozaa The Prince and the Showgirl. Maana yake ni kwamba yule binti mnyonge anayebembelezwa na Colin, anayechelewa kazini na kusahau mistari, alikuwa bosi katika mradi ule. Olivier alikuwa anafanya kazi kwenye filamu ya kampuni ya Marilyn. My Week with Marilyn inalipita jambo hilo kwa haraka, kama mtu anayepita nyumba ya mdai wake. Filamu zote mbili zimemmeza bosi. Blonde ikashtakiwa kwa kosa hilo, mwenzake akapewa maua.

Wakati fulani madai ya watazamaji hayafiki hata kwenye hadithi. Yanaishia kwenye sura. Nicole Kidman alipotangazwa kuwa Lucille Ball, mchekeshaji maarufu wa runinga ya zamani, katika Being the Ricardos ya Aaron Sorkin, watu walimkataa kabla hata trela haijatoka: hafanani, hachekeshi, si yeye. Filamu ilipotoka 2021 ikaonekana kwamba Sorkin alikuwa amefanya kubwa zaidi ya hilo, alichukua mikasa iliyotokea katika miaka tofauti (ujauzito wa Ball, tuhuma kwamba ni mkomunisti, gazeti la umbea kumwandika mumewe) na kuibana yote katika wiki moja. Hilo halikumnyima mtu usingizi. Pua ya Kidman ndiyo iliyowanyima.

Si ajabu ukifikiri vizuri. Ukitengeneza filamu kuhusu mfalme wa karne ya kumi na sita, mtazamaji hana cha kulinganisha zaidi ya mchoro mmoja ukutani. Lakini mastaa wa enzi za dhahabu za Hollywood, kuanzia sinema zilipopata sauti mwishoni mwa miaka ya 1920 hadi mfumo wa studio ulipoanza kuporomoka miaka ya 1950, waliacha saa nyingi za nyuso zao, sauti zao, wanavyocheka, wanavyowasha sigara. Mwigizaji wa leo anashindana na marehemu ambaye bado anaonekana kila mtu akibonyeza kitufe. Na marehemu huyo anaonekana akiwa amepigwa taa na mafundi bora waliowahi kuishi.

David Fincher aliliendea tatizo hilo kwa njia ya peke yake katika Mank ya 2020, filamu ya maisha ya Herman Mankiewicz, mwandishi aliyeshirikiana na mwongozaji Orson Welles kwenye skripti ya filamu yake Citizen Kane na kugawana naye Oscar. Fincher alitaka filamu yake ionekane kama imeokotwa kwenye ghala la mwaka 1940. Nyeusi na nyeupe, sauti ya njia moja iliyofifishwa. Mpaka vile vijiduara vinavyotokea sekunde chache kwenye kona ya juu kulia, vilivyokuwa vinamwambia fundi wa projekta ajiandae kubadilisha gurudumu la mkanda, Fincher aliviweka kwa makusudi kwenye filamu ya kidijitali ambayo haina gurudumu wala mkanda.

Kiti cha Mank ni cha mjuzi. Ukiviona vile vijiduara na kutabasamu, karibu sana. Usipovijua, utakaa saa mbili na dakika kadhaa ukijiuliza huyu Thalberg ni nani na kwa nini kila mtu anazungumza kama anasoma mistari iliyonolewa usiku kucha. Nilimwona rafiki yangu, mpenzi mkubwa wa Fincher, akishika simu dakika ya 20 na kutoiweka chini tena. Oscar waliiteua mara 10, wakaipa 2, ya upigaji picha na ya mandhari. Yaani waliisifu nyumba, na wenye nyumba wakawaacha mlangoni.

Lakini wajuzi nao hawakukaa kwa utulivu, kwa kuwa walijua zaidi ya walivyotakiwa kujua. Skripti ya Mank aliiandika baba yake Fincher, Jack, aliyefariki 2003, na inaegemea ule mtazamo ambao mhakiki Pauline Kael aliutangaza mwaka 1971 katika The New Yorker kwamba sifa za skripti ya Citizen Kane ni za Mankiewicz. Watafiti waliokuja kupekua nakala za skripti zilizohifadhiwa wakaonyesha kwamba mkono wa Welles umo, tena mwingi. Kwa hiyo mashabiki wa Welles waliingia na visu vimeshanolewa. Wengine wakahesabu umri: Gary Oldman alikuwa ameshapita 60 alipomwigiza mtu ambaye mwaka 1940 alikuwa na miaka 42, na ambaye alikufa na miaka 55. Oldman ni mzee kuliko umri wowote ambao Mankiewicz aliwahi kuufikia! Ni kweli, na mimi nilicheka niliposoma. Ila kwa upande wangu, mwili ule wa Oldman, mzito, uliochoka, unaonuka pombe hata kupitia kioo, uliniambia zaidi kuhusu Mankiewicz kuliko ambavyo kijana aliyefanana naye angeniambia.

Judy ya 2019 nitaipitia kwa haraka maana haina siri. Renée Zellweger ni mwimbaji na mwigizaji Judy Garland katika miezi ya mwisho, akiimba kwenye ukumbi wa Talk of the Town, London, majira ya baridi ya 1968 kuingia 1969. Bintiye, Liza Minnelli, alikuwa ameshasema hadharani kwamba hajaibariki. Watu walikwenda hata hivyo, wakalia, Zellweger akapewa Oscar. Kule London halisi Garland alikuwa akichelewa kupanda jukwaani, na wateja waliolipia meza zao wakamrushia mikate. Filamu haikwepi hilo, lakini hailiachi liwe la mwisho. Mwisho Judy anashindwa kumaliza wimbo wake maarufu kuliko zote, na mashabiki wawili waliobuniwa na mtunzi wanasimama na kuanza kumwimbia, kisha ukumbi mzima unafuata. Kiti cha mwokozi. Aliyerusha mkate ameachwa nje ya picha. Wewe ndiye uliyesimama kuimba. Halikutokea, na hakuna aliyeandika kwa hasira kwamba halikutokea. Mimi pia nililia, nisijifanye.

Sasa njoo kwenye filamu ambayo haikumpa mtazamaji kiti chochote, akajitafutia mwenyewe.

Joan Crawford aliitwa Lucille LeSueur hadi mwaka 1925, studio ya MGM ilipoona jina hilo halifai na kuwaachia wasomaji wa gazeti la sinema wachague lingine kwa shindano. Mwenyewe hakulipenda, alisema linasikika kama jina la kamba wa mtoni. Lakini ndivyo ilivyokuwa: watazamaji ndio waliombatiza. Alikufa 1977. Mwaka uliofuata binti yake wa kulea, Christina, akatoa kitabu kilichosimulia utoto wa kipigo na vitisho. Filamu ya kitabu hicho, Mommie Dearest, ilitoka 1981, Faye Dunaway akiwa Crawford.

Tukio lenyewe wengi wanalijua hata bila kuiona filamu. Usiku. Mama anaingia chumbani kwa mtoto, uso umepakwa krimu nyeupe kama kinyago. Anapekua kabati, anakuta gauni la bei kubwa limetundikwa kwenye hanga ya waya, ile ya dobi. Anapiga ukelele, anang'oa nguo kabatini, anamwamsha mtoto na kumpiga kwa hanga ileile. Baadaye ni zamu ya bafuni, unga wa sabuni unamwagwa kila mahali.

Watazamaji wa Marekani waliangua kicheko. Tangu wiki zile za kwanza watu walianza kwenda kwenye kumbi za sinema wakiwa na hanga mikononi, wakipiga kelele pamoja na Dunaway, na studio ya Paramount, ilipoona pesa zinaelekea wapi, ikabadilisha matangazo ili yacheke pamoja nao. Prodyuza wa filamu, Frank Yablans, akaipeleka studio mahakamani kwa matangazo hayo. Alikuwa ametengeneza filamu kuhusu mtoto anayepigwa. Alichokiona mabangoni ni mzaha. Dunaway naye kwa miaka mingi hakutaka hata kuulizwa habari zake.

Kicheko hicho kimeelezwa kwa mengi, na zaidi kwa uigizaji wa Dunaway uliozidi kipimo. Nilikubali maelezo hayo hadi siku nilipoitazama nyumbani pamoja na shangazi yangu, mwalimu mstaafu aliyekuja mjini kwa ajili ya macho yake. Jina la Joan Crawford halikumwambia chochote. Ilipofika ile hanga, mimi nikaanza kutabasamu, maana nilijua kinachokuja. Shangazi akaweka kikombe chini.

"Mtoto kakosa nini?"

"Katundika gauni vibaya, Shangazi. Huko kwao watu wanaichekea sana sehemu hii."

"Wanachekea nini?"

Nikajaribu kumweleza. Kwamba huyu mama alikuwa staa mkubwa, kwamba yule mwigizaji amekuza mno, kwamba ile krimu usoni, unajua. Akanisikiliza hadi mwisho, kama alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi ambao hawajafanya kazi ya nyumbani.

"Mimi naona mama anampiga mtoto kwa waya," akasema. "Rudisha nyuma kidogo, kuna alichosema yule binti sikukisikia."

Tangu siku ile siiamini sana hoja ya uigizaji. Mbele ya macho ambayo hayakuwa na Crawford ndani yake, filamu ilifanya kazi iliyokusudiwa. Waliocheka walikuwa na Crawford mwingine kichwani, yule wa mabega mapana na nyusi nene, yule waliyempa jina. Na kati ya kuamini kwamba mikono ile ilishika hanga na kuona kwamba Dunaway anachekesha, walichagua jepesi. Sisemi kila neno la Christina ni kweli. Ndugu zake wawili, mapacha waliolelewa katika nyumba hiyohiyo, walimpinga hadharani. Lakini aliyecheka hakuwa anapima ushahidi.

Kuna mtazamaji mmoja ambaye hakukubali kabisa kiti alichopewa, na alikuwa na haki kuliko sisi wote, kwa sababu aliyekuwa akiigizwa ni yeye. Mwaka 2017 runinga ya FX ilitoa Feud, tamthilia kuhusu ugomvi wa Bette Davis na Joan Crawford. Ndani yake Catherine Zeta-Jones anamwigiza mwigizaji mwenzao, Olivia de Havilland, anahojiwa, anatoa umbea, na mahali fulani anamtukana mdogo wake, mwigizaji Joan Fontaine. De Havilland halisi alikuwa hai, anaishi Paris, na alisema hakuwahi kuyasema hayo wala kuombwa ruhusa. Juni 30, 2017, siku moja kabla ya kutimiza miaka 101, mawakili wake wakafungua kesi California.

Waliomfahamu hawakushangaa. Huyu ndiye mwanamke ambaye mwaka 1943 aliishtaki studio ya Warner Bros., iliyokuwa na tabia ya kuurefusha mkataba wa miaka saba kwa kuongeza kila siku ambayo mwigizaji alisimamishwa kazi kwa kukataa filamu aliyopangiwa. Alishinda. Miaka saba ikawa miaka saba ya kalenda, na hukumu ile inaitwa kwa jina lake hadi leo. Wanamuziki wanaitumia, wanamichezo wanaitumia.

Safari hii hakushinda. Machi 2018 mahakama ya rufaa ya California ilisema kwamba uhuru wa kujieleza unazilinda kazi za namna hii, na kwamba mtu anayeigizwa, awe gwiji anayeishi au mtu asiyejulikana na yeyote, hamiliki historia. Januari 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi. De Havilland akafariki Julai 2020, miaka 104.

Kisheria nadhani mahakama ilikuwa sahihi. Vinginevyo kila mwenye jina kubwa angekuwa mhariri wa filamu zinazomhusu, na tungebaki na wasifu wa kusoma msibani. Kinachonikaa rohoni ni walivyolipokea watazamaji. Wale ambao miaka minne baadaye wangetetea pua ya Lucille Ball, na mitano baadaye wangelia kwamba Marilyn amedhulumiwa, hawakusikika sana mwanamke wa miaka 101 aliposema kwa kinywa chake kwamba hakuyasema hayo. Wengi waliona ni kituko cha bibi mzee mwenye mawakili. Feud ilikuwa imewakalisha mahali pazuri mno, kwenye sofa la umbea, na aliyekuwa akiwamiminia umbea ni huyohuyo de Havilland, wa Zeta-Jones. Yule wa kweli alikuja kuwaharibia jioni.

Sijazungumzia bado upokezi ninaoupenda kuliko wote. Mwaka 1999 HBO ilitoa Introducing Dorothy Dandridge, Halle Berry akimwigiza mwanamke wa kwanza mweusi kuteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike, kwa Carmen Jones ya 1954. Hakuna aliyegombana kuhusu pua, kwa sababu wengi hawakuwa na sura ya Dandridge kichwani. Neno lililosikika lilikuwa "kumbe". Kumbe alikuwepo. Kumbe aliimba kwenye hoteli ambazo hakuruhusiwa kuogelea kwenye bwawa lake. Berry alipata Emmy na Golden Globe, na Machi 2002, alipokuwa mwanamke wa kwanza mweusi kuishinda Oscar ile, jina la kwanza alilolitaja la waliomtangulia lilikuwa la Dandridge. Kiti cha filamu ile ni cha mtu aliyechelewa kufika msibani. Anakaa nyuma kimya, anasikiliza.

Na bado Dandridge alikuwa na jina. Mwaka 1929 MGM ilileta kikosi kizima Afrika Mashariki na Congo kupiga Trader Horn, iliyotoka 1931 na kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora. Kisa cha mwigizaji wake mweupe, Edwina Booth, aliyeugua vibaya baada ya safari ile na kuishtaki studio, kimesimuliwa mara nyingi. Mbeba bunduki katika filamu hiyo ni Mkenya, Mutia Omoolu, na studio ilipohitaji kurudia baadhi ya matukio ilimsafirisha hadi California. Mtu wa huku, kwenye studio za Culver City, mwaka wa 1930. Hollywood ambayo imeshatengeneza filamu kuhusu mashua, jua kali na vichwa maji waliokuja kupiga sinema barani kwetu haijamtengenezea yeye hata moja.

Nilimwekea shangazi sehemu kidogo kabla hajarudi nyumbani. Picha imechakaa, sauti inakwaruza. Mutia alipotokea, shangazi akasogeza kiti karibu na kioo kwa sababu ya yale macho.

"Huyu wa wapi?"

"Kenya, Shangazi. Walimpeleka mpaka Marekani."

"Na filamu yake yeye iko wapi? Kama ile ya yule mama wa waya."

Nikamwambia haipo. Akaendelea kumtazama hadi tukio likakatika.

"Mrudishe," akasema.

Nikamrudisha.